Mwaka Niliotaka Kumsikia Somoe Peke Yake

Tumemzika Somoe Nandonde mwezi wa Rajabu, na tangu siku hiyo kila anayekuja kunipa pole ananiambia neno lilelile, kwamba mie na marehemu tulikuwa chanda na pete. Naitikia. Nasema ndiyo, Mungu amlaze pema. Siwaambii kwamba miaka thelathini na kitu nilisimama bega kwa bega na mwanamke yule huku namshuku. Wengine wakisimulia maisha yao huchagua mwaka waliokuwa wasichana, wana kiuno na meno yote. Mie mwaka ulionifunza ulinikuta bibi wa wajukuu saba, goti la kushoto limeshaanza kulia, nyumbani kwangu hapa hapa Yombo Vituka. Ni mwaka ambao mjukuu wangu Rehema alikuwa anatafuta mashine ya kuchanganyia sauti.

Sie ni watu wa kusini, na ngoma zetu tulikuja nazo. Wali, yaani wasichana wanaofundwa unyago, wakitoka ndani, siku ile ya kutoka, mama zao wanakaa kwenye mikeka uwanjani na wanawake wa ngoma wanawaita watoto mmoja mmoja. Somoe ndiye alikuwa anaanza wimbo. Mie kazi yangu ilikuwa kupokea na kutaja: mwali huyu, wa mama fulani, wa bibi fulani, majina yote matatu kwa pumzi moja, ngoma haisubiri. Ukikosea jina umemwaibisha mtoto mbele ya ukoo, na nimewahi kuona mama mtu anakunja mkeka wake anaondoka. Kwa kutaja nilisifika Temeke nzima. Waliniita kutoka Tandika, kutoka Buza, wakasema muleteni Bi Zena, yule kichwa chake daftari. Sikusoma zaidi ya darasa la tatu, kwa hiyo sifa ile ilinikaa vizuri sana mwilini.

Sasa kila nilipokaribia kufungua mdomo, Somoe alikuwa anainama kidogo upande wangu na kusema neno. Kidogo tu, midomo haifunguki hata nusu. Ngoma kubwa ya Bi Esha Mkwanda ilikuwa nyuma yetu inaunguruma, wala sikuambulia kitu, ila nilikuwa naona wanawake wa mikeka ya mbele wanatabasamu. Hapo ndipo shaka ilipoota. Mie najua nyimbo zetu. Najua mwanamke anavyoweza kukupiga kijembe katikati ya wimbo, watu wote wakakisikia isipokuwa wewe. Nikajiambia Somoe ananitaja. Ananitaja na mume aliyeniacha, au ananiita kasuku, mtu wa kuitikia tu. Utauliza kwa nini sikumuuliza. Kwetu kijembe hakiulizwi. Ukishauliza "hilo umenisema mie?" umekivaa, ni chako, utazikwa nacho. Kwa hiyo nilinyamaza, nikacheka naye, nikala naye sahani moja, na kila ngoma nikamtazama mdomo.

Mwaka huo Somoe aliota uvimbe kooni. Alikuwa anaufunika kwa mtandio wa kijani, anasema ni baridi, nani ana baridi Dar es Salaam. Alipokwenda hospitali aliambiwa utakatwa, na kwamba mkono wa daktari utapita karibu sana na pale sauti inapotokea. Akirudi anaweza kurudi na sauti yake, anaweza kurudi na nyingine, anaweza kurudi bila. Alikuja kuniambia asubuhi, mie nachambua kisamvu. Alikaa kwenye kigoda akachukua tita moja akaanza kuchambua na yeye. "Wamenipa miezi mitatu ya kujiandaa," akasema. "Sasa najiandaa nini, shoga? Sauti utaikunja uiweke sandukuni?" Rehema alikuwa mlangoni anapiga mswaki. Akatema povu akasema, "Inakunjwa, Bi Somoe. Sie ndiyo kazi yetu."

Rehema alikuwa amechukua chumba cha uani alichokuwa anapanga Mwalimu Kasimu kabla hajahamia Kinyerezi. Kuta zote alikuwa amezibandika trei za mayai, ukiingia unadhani umo ndani ya kuku. Dirishani alikuwa amesimamisha godoro langu la zamani, na juu yake kitenge, na sauti yako mle ndani ilikuwa inafia mdomoni. Alikuwa na kompyuta, hedifoni, na maiki moja. Vijana walikuja kuimba singeli yao, mmoja mmoja, kwa zamu, kama watu wa kunyolewa. "Nikipata mikisa, Bibi," aliniambia, "watu wanne wanaingia kwa pamoja, kila mtu na maiki yake." Mikisa ndiyo hiyo mashine. Akanionyesha picha kwenye simu: sahani ya chuma, juu ina matundu ya kuchomeka waya, katikati vitufe vya kuzungusha kama vya jiko la gesi, chini vya kusukuma, unasukuma mbele sauti inapanda, unarudisha nyuma inashuka. Kila tundu na kitufe chake, na njia hiyo ya sauti wao wanaiita chaneli.

Nikauliza swali moja. Nikamwambia, "Tukiimba wanne kwa pamoja, ngoma inapigwa, halafu nikataka kumsikia mmoja peke yake, inawezekana?" Rehema akasema inawezekana kabisa, kama mashine ni ya aina hiyo. Nikamwambia basi nitachangia, lakini dukani tunakwenda wote. Akafurahi, akanikumbatia. Alidhani namfikiria Somoe na uvimbe wake, na ni kweli nilikuwa namfikiria, lakini si kwa namna aliyodhani yeye. Mie nilikuwa nahesabu kwamba nina miezi mitatu ya kujua mwanamke yule alikuwa ananisema nini. Sauti ikiondoka, kijembe changu kinaondoka nayo, na nitakufa sijui.

Wanawake wa ngoma nao walikuwa na shaka zao. Tulikaa kikao kwangu, tukala wali na samaki wa nazi, na Bi Pili Chilumba, anayepiga ngoma ndogo, akasema waziwazi, "Huyu mjukuu wako, Zena, atatupeleka kwenye singeli. Kesho utapita Tandika unamsikia Somoe anaita wali, na chini yake vijana wanakatika." Bi Esha akasema yeye hilo halimsumbui, kinachomsumbua ni nyimbo za ndani, zile za siri wanazofundwa wali. Tukakubaliana: za ndani haziguswi, za uwanjani tu, zile ambazo hata mpita njia huzisikia. Na mwanamume asikanyage chumba kile siku hiyo. Somoe alikula kidogo sana. Alikuwa anameza kwa kuinua kidevu, kama kuku anavyokunywa maji. Mwishoni akasema, "Nyie mnabishana kama mali ni yenu. Sauti inayokatwa ni yangu." Bi Pili akamwongezea mchuzi.

Duka la kwanza lilikuwa Kariakoo, ghorofani, juu ya maduka ya vitenge. Muuzaji anaitwa Hamidu, kijana mwenye mikono laini, mikono ambayo haijawahi kubeba hizo spika anazouza. Alinipa shikamoo mbili, moja nilipoingia na nyingine nilipokaa, na mtu akinipa shikamoo mbili naishika vizuri kanga yangu yenye pesa pindoni. Akatuletea mashine ina matundu kumi na sita, inameremeta, na taa zake za bluu. "Hii, Bibi, chaneli kumi na sita, na inaingia moja kwa moja kwenye kompyuta. Bei ya kukuheshimu." Rehema macho yalimtoka, ile sura naijua, ndivyo alivyokuwa anatazama viatu akiwa mdogo. Nikamwambia Hamidu achomeke maiki mbili. Moja nikamkabidhi Rehema, moja nikashika mie. Nikasema aiwashe kompyuta, aturekodi, tukaimba pale dukani, Rehema anaanza, mie napokea, wateja wakasimama mlangoni. Tulipomaliza nikamwambia, "Haya, baba. Nitoe mie, umuache huyu."

Akacheka. Akasukuma kitufe changu chini. Nikamwambia hapana, hapo tumeshanyamaza, unanitoa wapi. Nitoe kwenye ile iliyokwisha rekodiwa. Akazungusha hiki, akabonyeza kile. Mie na Rehema tukaendelea kusikika vilevile, tumegandana. "Bibi," akasema, "kwani unataka kumtoa nani, na mmeimba vizuri hivi?" Watu mlangoni wakacheka. Rehema ndiye hakucheka. Aliinama akasoma maandishi ya nyuma ya mashine, halafu akamuuliza Hamidu taratibu, "Braza, matundu kumi na sita, lakini kwenye kompyuta zinakwenda njia ngapi?" Hamidu akasema hiyo ni ishu ya kitaalamu. Akaulizwa tena. Zilikuwa zinakwenda njia mbili tu, kulia na kushoto. Ndani ya sahani ile watu kumi na sita wanasongwa pamoja, na kilichosongwa hakichambuliki, ugali haurudi kuwa unga. Tulipokuwa tunashuka ngazi Rehema alinishika mkono. "Bibi, ningenunua. Wallahi ningeinunua ile. Wewe ulijuaje?" Nikamwambia nilimtazama mikono. Sikumwambia zaidi.

Tulizunguka maduka mengine matatu, na kila mahali niliimba na kusema nitoe mie. Zile zinazoweza kututenganisha zilikuwa ghali, bei ya kiwanja cha nje ya mji, na mwezi mmoja ukaisha hivyo. Somoe alikuwa anakuja kuuliza, sauti imeshaanza kukwaruza, jioni inakuwa kama mtu anayeburuta ndoo. Halafu Rehema akampata Desderi wa Tabata, fundi aliyekuwa anafunga vyombo vya kanisani na kwenye maharusi. Ana mikisa iliyotumika, chaneli kumi na mbili, na kila chaneli inakwenda kwenye kompyuta peke yake. Bei ilikuwa ya kwetu. Na bei ikiwa ya kwangu, kabla sijafurahi huwa nauliza mwenye nayo yuko wapi.

Desderi alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpole, anaishi chumba na sebule na mkewe mjamzito, aliyetukaribisha chai ya maziwa na mihogo ya kukaanga. Mashine alikuwa ameifunika kwa taulo la mtoto. Alipoifunua niliona chini ya kila kitufe pamebandikwa kipande cha plasta, na kila kipande kimeandikwa jina kwa kalamu. Nilivaa miwani nikasoma pole pole, herufi moja moja, na wao wananisubiri. Mchungaji. Kinanda. Gitaa. Sista Neema. Mama Eliza. Mzee Yona. Nilikaa nyuma kwenye kiti nikamwambia, "Baba Desderi, hawa watu wanajua kuwa wapo hapa sebuleni kwako?"

Alisema ndiyo, kanisa liliagiza mashine kubwa zaidi, hii wakamwachia yeye aiuze. Alilisema vizuri, lakini alilisema akiitazama mihogo. Nikamwuliza Mama Eliza ni nani. "Ni mwimbaji tu, Bibi." Anaimba sauti gani. "Ya pili, nadhani." Ulifunga vyombo miaka mingapi. "Minne." Miaka minne unadhani. Nikamwambia basi mpigie. Rehema akaninong'oneza, "Bibi, tunamdhalilisha mwenye nyumba." Mie nimeona vitu vya wizi vinauzwa mtaani kwetu na jina la mwenyewe bado limo, sufuria za shughuli zimechorwa rangi chini, majina ya watu kabisa, na mtu ananunua anafurahi. Nikasema Mama Eliza apigiwe, ama niondoke na mihogo yangu mdomoni. Mke wa Desderi ndiye aliyechukua simu, maana namba alikuwa nayo yeye.

Sauti ya Mama Eliza ilijaza sebule, simu ikiwa imewekwa spika. Nikampa jina langu, nikamwambia nipo mbele ya mashine yenye jina lake. "Eh, hiyo ya zamani," akasema. "Bado haijapata mtu? Tulimwachia Desi aitafutie mteja, wazee wa kanisa wote wanajua." Nikaona mabega ya Desderi yanashuka. Nilikuwa naanza kujiandaa kuomba radhi, Mama Eliza akaendelea, "Lakini mama yangu, amekwambia kuhusu chaneli ya saba? Inakwaruza. Kama kuku. Mie nilikuwa naimba sana juu, mwalimu wa kwaya akashindwa kuniambia ninyamaze, ndiyo akanichomeka hapo." Mke wa Desderi alikwenda jikoni kucheka. Desderi mwenyewe alisema alikuwa anataka kuitengeneza kwanza. Nikamwambia utaitengeneza leo, tutakaa. Tukakaa. Akaifungua pale pale kwenye mkeka, akasafisha, akachomelea, na saa kumi tukaimba mbele ya mke wake, mie na Rehema. Nikasema nitoe mie. Desderi akagusa kitu kimoja kwenye kompyuta, na mie nikatoka. Akabaki Rehema peke yake anaimba sebuleni Tabata, na pale nilipokuwa mie pamebaki pengo na mnong'ono kidogo wa mbali.

Tulirekodi siku ya Jumanne, wiki mbili kabla ya hospitali. Bi Esha alisafisha ngoma zake kwa mafuta ya nazi, Bi Pili akaja na kanga mpya kama anakwenda kupigwa picha. Rehema alitupanga: ngoma pembeni, kila moja na maiki yake, mie na Somoe katikati, yangu na yake zimetengana urefu wa mkono. Somoe aliivuta yake karibu na yangu. "Nimezoea kuwa hapa," akasema. Rehema akasema sauti zitaingiliana, Somoe akasema zimeingiliana toka hujazaliwa. Basi ikabaki karibu. Tuliamua kuwaita kwa majina wali wote tuliowatoa pamoja, wale ambao tungeweza kuwakumbuka, miaka yote. Somoe alivua mtandio. Uvimbe ulikuwa mkubwa kuliko nilivyofikiri. Akaanza, sauti ina mikwaruzo lakini imesimama, na ngoma zikaingia, na mie nikasahau mashine, nikasahau shaka, nikataja. Wali sitini na wawili. Bi Pili alilia akipiga. Tulipomaliza tulikula ugali wa muhogo na mchicha wa karanga pale pale sakafuni, na Somoe akasema, kwa sauti iliyobaki kama uzi, "Kichwa chako, Zena. Mungu akuhifadhie." Nikamtazama mdomo. Hata siku ile.

Siku ya tatu, asubuhi, Rehema alipokuwa peke yake niliingia nikafunga mlango. Nikamwambia nataka kumsikia Somoe tu, ngoma zote zitoke. Akanivalisha hedifoni, akazima huku, akazima kule. Ngoma zikaondoka kama watu wanaoaga. Mie nikaondoka. Akabaki Somoe, anapumua. Sijawahi kumsikia mtu anapumua karibu hivyo, hata mume. Akaimba mwanzo wake, akanyamaza, halafu nikasikia kile nilichokisubiri miaka thelathini, chini chini, wazi kama mtu anakuambia sokoni uangalie mfuko wako: "Mwajuma. Hadija Nampota. Bi Tatu." Halafu kwa mbali, kwenye maiki yake, sauti yangu kubwa inapaza: Mwajuma, wa Hadija Nampota, wa Bi Tatu. Akaimba tena. "Salima. Fatu Likunja. Bi Sikujua." Na mie nyuma yake, kwa maringo. Wote sitini na wawili. Kila mmoja Somoe alinitangulia pumzi moja, akanikabidhi, nikapokea, nikapaza.

Nimeulizwa na Rehema, na nimejiuliza, ilikuwaje nisisikie. Mie nikikaa hivi nakumbuka majina, sijidai, nimekutajieni hapa mpaka mpangaji. Lakini ukisimama mbele ya watu mia mbili, ngoma mgongoni, majina yanaruka kama kuku aliyeona kisu. Kwangu hayakuruka. Yalikuwa yananijia, na nilidhani yanatoka kichwani. Masikio yangu yalikuwa yanakula chakula cha mtu, na mdomo ukisifiwa kwa mapishi. Wala hakikuwa kijembe. Ningetamani kiwe kijembe. Kijembe ningejua la kukifanya.

Rehema alikuwa hajaelewa, yeye alikuwa anasikiliza kazi. Akaniambia, "Bibi, hiyo minong'ono ya Bi Somoe inachafua kidogo. Naweza kuishusha kila anaponong'ona, ikabaki sauti yako safi. Niitoe?" Mtoto wa watu, aliuliza swali la ufundi. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nilikaa na hedifoni shingoni, nikazitazama zile trei za mayai, nikafikiri juu ya Tandika na Buza na wanaosema kichwa cha Bi Zena ni daftari. Nikasema, "Itoe." Yule niliyezunguka maduka yote ya Kariakoo nikiwashuku watu wizi, niliyemfanya fundi maskini apigiwe simu mbele ya mkewe, ndiye aliyesema hivyo, na nilisema bila kutetemeka.

Somoe alikuja kusikiliza siku moja kabla ya kulazwa. Tulimkalisha kwenye kiti, Rehema akafungulia spika. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono umeshika uvimbe. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, sikutaka anione. Majina yakapita, kwa sauti yangu tu, safi, hakuna mwingine. Yalipofika kwa Salima wa Fatu Likunja aliinua kichwa kidogo, kama mtu aliyeitwa kutoka nyumba ya jirani, halafu akakirudisha. Wimbo ukaisha. Akasema, "Umewakumbuka wote." Nilitafuta dhihaka ndani ya maneno yale. Nimeitafuta miaka. Sijaipata, na kutoipata ndiko kunakonisumbua. Alikatwa uvimbe akapona, sauti ikarudi mnong'ono tu, na ngoma akaacha. Na mie nikaacha mwaka uleule, nikasema goti. Watu walisema Bi Zena hawezi kuimba bila shoga yake, mapenzi hayo. Walisema kweli wasijue. Tukaendelea kukaa wote kwenye kibaraza tukichambua mboga, na kila siku nilisema kesho nitamwambia, na mwaka huu Rajabu ikaingia.

Arobaini ilipokwisha niliwaomba wanawake wa ngoma wakutane kwa Mwanaidi, binti yake Somoe, Mbagala. Nilikuwa nimemuuliza Rehema ile sauti aliyoitoa ilikwenda wapi. Akashangaa. "Haijaenda popote, Bibi. Chaneli yake ipo nzima. Niliishusha tu, sikuifuta." Nikamwambia aipandishe, na pale kwenye mnong'ono aipandishe mpaka iwe sawa na yangu. Akabeba kompyuta na spika kwenye bajaji. Tulikaa sebuleni, Bi Esha, Bi Pili, Mwanaidi na wadogo zake, na wengine waliokuwa wanakaa mikeka ya mbele enzi zile. Nikasimama nikawaambia kuna jambo nimewaibia, na nimemwibia marehemu. Nikamwambia Rehema afungulie.

Somoe akanong'ona, mie nikapaza. Akanong'ona, nikapaza. Nilikuwa nimeikunja kanga mkononi nikisubiri waanze kugeuziana macho. Hakuna aliyegeuka. Mwanaidi alikuwa analia kwa sauti ya mama yake. Bi Pili alikuwa anapiga mapigo yake kwa kidole kwenye goti. Ilipoisha nikasema, "Mmesikia?"

"Tumesikia nini?" akauliza Bi Esha.

Nikasema hayo majina. Kwamba kutaja kote kulikuwa kwa Somoe. Bi Esha, yule mwanamke ana macho ya kuchoka, akasema, "Zena, mie nilikuwa nakaa nyuma yenu na ngoma. Nilikuwa namsikia kila siku. Sie wote tulikuwa tunamsikia. Tulidhani mmepangana."

"Na wa mikeka ya mbele?"

"Walikuwa wanapenda kuwaona. Anakupa, unapokea." Akanyoosha miguu. "Mara moja tu ndiyo alikuacha. Kule Buza, ukamwita mwali kwa jina la shangazi yake, halafu ukanifokea mie kwamba ngoma imekuchanganya. Haikukuchanganya ngoma. Wiki ile mlikuwa hamsemezani."

Bi Pili akaanza kucheka, akajizuia kwa ajili ya msiba, akashindwa, na Mwanaidi naye akacheka na machozi yake. Nilikaa chini kwenye mkeka, maana goti, na safari hii lilikuwa goti kweli. Nikamwambia Rehema arudishe mwanzo, na sauti yangu aishushe kidogo.